Huko Chini Alikokuwa Akienda Lachlan

Dolina MacAskill alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi pale Ardlinn, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya baridi, na mimi nilikuwa msaidizi wake jikoni. Habari hii nimeisikia nikiwa na mwiko mkononi, vipande vipande, kati ya kumenya viazi na kuosha masufuria. Sehemu nyingine niliiona kwa macho yangu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono myekundu na sauti ya kufukuzia shakwe. Watoto walimpenda kwa ajili ya mikate yake na walimwogopa kwa ajili ya jicho lake. Alizaliwa kwenye nyumba inayotazama hori, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya milima yetu, akaolewa kwenye nyumba nyingine inayotazama hori hilohilo, na katika umri wake wote wa miaka hamsini na ushee hakuwahi kutia uso wake ndani ya maji yale. Kwetu hilo si ajabu. Maji ya Ardlinn ni ya kazi. Mtu akiingia kwa hiari yake, wazee huulizana kama kuna matatizo nyumbani kwake.

Mtu wa maji alikuwa mumewe, Lachlan. Yeye alikuwa akipiga mbizi kuokota kombe wa baharini, wale wakubwa wenye magamba mapana kama kiganja, mmoja mmoja kwa mkono, mtungi wa hewa mgongoni. Aliondoka asubuhi na mashua yake, akarudi wakati wa chai, midomo imekuwa ya bluu, anapiga mluzi. Mwanzoni mwa ndoa Dolina alikuwa akimuuliza, "Kukoje huko chini?" Lachlan akijibu, "Giza, baridi na kombe," anacheka, anaomba chai. Mwisho Dolina akaacha kuuliza. Akawa anafua tu nguo zenye chumvi na kuanika soksi za sufu juu ya jiko.

Siku moja ya Novemba kamba ilimnasa Lachlan mguu huko chini. Hewa ilikuwa inamwishia. Alijinasua, akapanda juu kwa kasi kuliko mwili unavyokubali. Mtu aliyekaa chini muda mrefu akipanda mbio namna hiyo, hewa aliyoivuta hutoka povu ndani ya damu yake, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Alifika mashuani hajambo, akaendesha mwenyewe mpaka gatini. Alipoinama kufunga kamba, mguu wa kushoto ukamkatalia. Ilikuja helikopta ikampeleka mjini, wakamfungia ndani ya chumba cha chuma chenye presha kuitoa ile hewa taratibu, lakini walikuwa wamechelewa. Alirudi nyumbani anatembelea fimbo, mkojo haumtii vizuri, na neno la daktari masikioni: maji basi. Si mwaka huu wala mwakani. Basi kabisa.

Tangu hapo akawa anashinda bandani kati ya mitungi yake, anapaka grisi vitu ambavyo havitatumika tena. Alikuwa hasemi na mtu ila habari za mvua na upepo.

"Namuuliza amelalaje, ananijibu upepo umegeuka," Dolina aliniambia. "Mwenzangu, mimi nimeolewa na redio."

Alicheka aliposema hivyo, nami nikacheka. Kisha akaendelea kukata karoti.

Baada ya mwaka mzima wa hivyo likabandikwa tangazo dukani. Chama cha wapiga mbizi cha mji wa ng'ambo ya mlima kilikuwa kinakaribisha watu wasiojua kitu: mafunzo ya bwawani majira yote ya baridi, halafu kuingia baharini mwezi wa Aprili, hapahapa kwetu. Dolina alisimama mbele ya lile tangazo na maziwa mkononi. Torquil, mvuvi wa kamba wa kuliwa wanaouzwa mpaka Hispania, alikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Dolina, hilo karatasi lina maneno kumi tu. Mbona umeganda?"

"Nasoma."

"Unasoma au unajiandikisha?"

"Nikijiandikisha utasemaje?"

"Nitasema hewala, mama. Ukizama nitakuvua kwa dema langu. Ila usinilaumu ukijikuta Hispania kwenye sahani, na kamba wenzio, na ndimu juu."

Duka zima likacheka. Dolina naye akacheka, lakini namba ya simu aliinakili nyuma ya mkono wake kwa kalamu ya mwenye duka.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa ananyunyiza unga mezani. Akasema, "Nimelala na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Nusu ya maisha yake iko chini ya maji yale, na mimi sijawahi kuitia machoni. Sasa yeye hawezi kwenda na hawezi kusema. Labda nikienda mimi tutapata la kuzungumza." Halafu akaongeza, "Au labda ni ujinga tu."

Dada yake, Murdina, aliyekuwa akiishi Glasgow, hakuwa na labda. Alipiga simu siku hiyohiyo aliyosikia.

"Una wazimu wewe? Aprili? Maji ya Aprili yanakata meno! Kama unataka kupiga mbizi, njoo na sisi Malta mwezi wa kumi. Maji kama chai. Jifunze kwenye maji ya watu wenye akili zao, halafu ukirudi utaona."

"Sitaki kuona Malta, Murdina. Nataka kuona alikokuwa anakwenda."

"Na alichokipata huko umekisahau?"

Murdina akaanza kulia kwenye simu, akaomba radhi, na wakaishia kuzungumza habari za magoti ya Murdina.

Kumwambia Lachlan, Dolina alisubiri chakula cha jioni, nyama ya kusaga na viazi. Alipomwambia, Lachlan aliweka uma mezani.

"Hapana."

"Sijakuomba ruhusa, Lachie."

"Sasa unaniambia ya nini?"

Dolina akajaribu njia nyingine. "Basi nifundishe wewe. Kwa mdomo tu. Niambie nikishuka nitegemee nini."

Lachlan alimtazama. Dolina alisema ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule mumewe kumtazama usoni namna ile, akadhani sasa anafunguka. Lakini Lachlan akasema, "Kesho kutakuwa na upepo wa kusini," akainua fimbo yake, akaenda bandani.

Majira ya baridi yote hayo Dolina alikuwa kama mlango ulioacha komeo. Jumatatu anakwenda, Jumatano haendi, Ijumaa amempigia mwalimu simu kumwambia asimsubiri, Jumamosi asubuhi yuko kwenye gari anasubiri barafu ya madirishani iyeyuke. Chumvi kwenye supu ya shule ilitiwa mara mbili siku moja na siku nyingine haikutiwa kabisa. Lakini bwawani alifanya vizuri, jambo lililomshangaza mwenyewe. "Maji yana joto kama ya kumwogeshea mtoto," aliniambia. "Nimekaa kule chini nikitazama vigae. Nikasema, kumbe ni hivi tu?"

Mwalimu wake aliitwa Greer, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, aliyekuwa akifanya kazi kwa daktari wa mifugo. Huyu hakumdanganya.

"Bwawa ni bwawa, Bi Dolina. Hori ni neno jingine. Kule utavaa suti nzito ya mpira isiyoingiza maji, utabeba vyuma kiunoni, na uso utakuwa wazi kwenye baridi. Hutaona mbali. Hakuna atakayekucheka ukisubiri Agosti, au ukaanzia nchi za joto kama dada yako anavyosema. Wengi wanaoanzia hapa mwezi wa nne hatuwaoni tena."

"Wewe ulianzia wapi?"

"Hapahapa, mwezi wa nne."

"Ikawaje?"

"Nililia ndani ya miwani."

Dolina aliniletea maneno hayo jikoni akitaka nimwambie la kufanya. Nami ningemwambia nini? Maji yale hata mimi sijaingia. Nilisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Akasema methali zangu hazina msaada wowote, na alisema kweli.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, maana Jumapili, siku ya ibada, kwetu hata kasia haliguswi. Milimani bado kulikuwa na theluji. Nilikwenda na chupa ya chai ya moto. Greer alikuwa na vijana wawili wa chama wa kukaa ufukweni kuangalia. Tulikuwa tunahangaika kumpitisha Dolina kichwa kwenye shingo ya suti, kazi kama ya kumvisha ng'ombe soksi, nilipogeuka nikamwona Lachlan anateremka na fimbo. Hakuna aliyemwita. Akakaa juu ya kreti ya samaki iliyopinduliwa.

Hakuacha kumtazama mkewe. Macho yake yalipita kwenye kila kamba na kila kifungo. Greer alipoanza kumfunga Dolina mtungi, mkanda mmoja wa begani ulikuwa umejipinda, na mkono wa Lachlan ukainuka kutoka kwenye fimbo, ukaenda mbele. Greer akauwahi ule mkanda yeye, akaunyoosha. Ule mkono ukarudi kwenye fimbo. Sidhani kama kuna mwingine aliyeona.

Waliingia mpaka kifuani. Greer akamwambia aanze kwa kuinamisha uso tu. Dolina akainama. Alinieleza baadaye kwamba ile haikuwa baridi, ilikuwa kofi. Kifua kikakaza, pumzi ikakataa kuingia wakati kipumulio kiko mdomoni na hewa imejaa tele. Alisimama, akakitema.

"Siwezi."

"Tuache?" Greer aliuliza. Hakusema kwa kumsuta. Alikuwa anauliza kweli.

Dolina akageuka kutazama ufukweni. Nadhani alitaka mumewe amwambie neno lolote, hata toka, hata nenda. Lachlan alikuwa anatazama theluji ya mlimani.

"Mara moja tena," Dolina akasema.

Safari hii walipotea wote wawili. Tukabaki na mapovu tu, vishada vidogovidogo vinavyojongea taratibu kuelekea penye kina.

Huko chini, alisema, kwanza maji yalikuwa ya kijani kama chupa, kisha yakawa kahawia. Alikuwa haoni zaidi ya mkono wake na tochi ya Greer. Halafu mchanga ukaja kutoka chini. Kulikuwa na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mwenye mikono mingi kuliko inavyohitajika, na kando yake kombe mmoja mkubwa. Greer alipommulika, yule kombe akafumba na kufumbua magamba kama meno ya bandia, akaruka kinyumenyume mpaka gizani. Dolina akacheka ndani ya kipumulio. Kwa pumzi mbili tatu hivi alikuwa hana hofu hata kidogo. Aliniambia, "Nikasema, Lachlan, mbona hukuniambia kwamba wanaruka?"

Kicheko kilimwinamisha kichwa na kumtupa upande. Hewa iliyokuwa ndani ya suti ikakimbilia miguuni, miguu ikaenda juu, kichwa chini, akawa ananing'inia kama kuku wa sokoni. Alipiga teke, hakuna alichogusa. Akavuta pumzi kwa nguvu, na baridi ile ikagandisha kipumulio kikabaki wazi: hewa ikaanza kutoka yote kwa mpigo, kwa kelele kama ya treni, mapovu yakamziba macho. Hakujua juu ni wapi. Kitu alichokuwa na uhakika nacho ni mkono wa Greer uliomshika mshipi. Greer akampachika mdomoni kipumulio chake cha akiba, akamgeuza wima, akaanza kumpandisha polepole, kama inavyotakiwa.

Sisi juu hatukujua hayo. Tulichoona ni maji kuchemka mahali pamoja, povu kubwa jeupe lisilokatika. Mmoja wa wale vijana akasema, "Kimeganda kipumulio. Msijali, Greer anajua la kufanya." Na kweli alijua.

Lakini Lachlan alikuwa ameshasimama. Fimbo aliiangusha. Aliingia majini na koti lake na viatu vyake, anapiga kelele, "Vuta polepole! Polepole! Usipande mbio!" kana kwamba mtu wa chini ya maji anasikia. Hatua ya tatu au ya nne mguu ukamwacha. Akaanguka kifudifudi, na koti likamlemea. Maji pale hayakuwa yamefika magotini. Mtoto wa chekechea angesimama. Yeye hakuweza kuinuka. Wale vijana wawili wakaacha kila kitu, wakamkimbilia, nami nikawafuata na viatu vyangu vya ngozi.

Kwa hiyo Dolina alipotoa kichwa juu ya maji, salama, anakohoa, hakukuwa na mtu wa kumtazama. Alituona sisi, tumeinama, tunamvuta mumewe kwa makwapa kama kiroba cha unga kilicholowa, mwani umemjaa mdomoni. Alisema hilo ndilo lililomtisha siku ile. Yale ya chini hayakuwa kitu.

Nyumbani tulimvua nguo, tukampa blanketi na chupa za maji ya moto. Suruali ilikuwa imelowa si kwa maji ya bahari tu, na wote watatu tukafanya kama hatujui. Dolina alipasha moto supu ya shayiri, nywele zake bado zinatiririka. Lachlan alikuwa anatetemeka hata kijiko kikamshinda.

"Nilijua la kufanya," akasema. "Tangu povu la kwanza. Kila kitu nilikijua."

"Najua, Lachie."

"Nilijua vyote, na sikuweza kufika hata magotini."

Dolina alichukua kijiko akamnywesha supu, naye akakubali kunyweshwa, na kukubali kwake kulikuwa kubaya kuliko kama angekataa. Niliaga nikaenda zangu.

Jumatatu jikoni nilimuuliza kama atarudi.

"Nikirudi nitamuua," akasema. "Nisiporudi..." Tulikuwa na watoto wanapanga foleni.

Torquil hakumtania tena. Wiki ile aliacha ndoo ya kamba mlangoni kwao, bila kubisha hodi. Greer alipiga simu mwezi wa Mei, akapiga tena mwezi wa Juni maji yalipoanza kupata uvuguvugu, na mara zote mbili Dolina alimwambia ngoja kidogo nikupigie. Hakukataa. Ningeelewa kama angekataa. Usiku anaota amening'inia kichwa chini, asubuhi anasema hewa imetulia leo, huenda Greer ana nafasi, jioni anamtazama mumewe anavyopanda ngazi moja moja na neno hilo halirudi.

Mwishowe ni Murdina aliyeamua. Mwezi wa kumi alimkatia tiketi bila kumuuliza, na Dolina akaenda Malta kama mzigo. Nilimpikia Lachlan wiki ile. Alinishukuru kwa kila sahani na kuniambia mvua itakuja saa ngapi.

Kule Malta alifuzu. Alirudi na kadi yenye picha yake, ngozi ya pua imebambuka kwa jua. Nilimwambia anisimulie. Akasimulia habari za samaki wa rangi zote, maji ya bluu, mwalimu anayeimba, hakuna suti nzito, hakuna kofi la uso. Alishuka kila siku na hakuogopa hata mara moja.

"Basi umeweza!" nikamwambia.

"Nimeweza," akasema. "Ni kama kukaribishwa kwenye nyumba nzuri ya mtu usiyemjua. Unasifia mapazia, unaondoka."

Lachlan alimuuliza siku ya pili yake, mchana, wako mezani. Dolina alinihadithia hilo bila kuinua macho kutoka kwenye kisu.

"Ulikuwa unaona mbali?"

"Mbali sana. Kama uwanja wa mpira."

"Kwetu huwezi kuona hivyo," Lachlan akasema. Akasogeza kikombe. "Kwetu vitu vinakujia kimoja kimoja. Kuna mahali, ng'ambo ya ule mwamba wa kanisa, ukishuka pembeni yake..."

Dolina aliacha kutafuna. Hakuthubutu hata kuweka uma mezani.

Na papo hapo mguu wa kushoto wa Lachlan ukakakamaa, kama unavyofanya tangu ule mkasa, bila hodi wala sababu. Kikombe kikapinduka. Lachlan akauma meno, akashika ukingo wa meza. Dolina akapiga magoti sakafuni, akamvua kiatu, akaanza kukanda ile misuli iliyokuwa ngumu kama kuni, juu mpaka chini, juu mpaka chini, chai inadondoka pembeni yake. Ilichukua muda. Ulipolegea, Lachlan alikuwa amechoka kabisa, jasho linamtoka. Akasema anakwenda kujinyoosha kidogo.

Dolina alingoja mumewe aamke aendelee. Alipoamka aliuliza kama mashuka yameanuliwa, maana wingu lilikuwa linashuka.

Nilimshauri Dolina amuulize tu, waziwazi: ng'ambo ya mwamba wa kanisa kuna nini? Akasema ameshamuuliza mara moja, Jumapili baada ya ibada, na Lachlan akamtazama kama mtu anayetafuta jina la mtu wa zamani, kisha akatikisa kichwa. Dolina hana hakika kama mumewe amesahau au hataki. Mwamba wenyewe unaonekana kutoka dirisha la jikoni kwetu, nyuma ya uzio wa shule. Greer amesema anaweza kumpeleka wakati wowote. Dolina ana kadi sasa, na hapo hapana kina kirefu. Wiki iliyopita Greer alipiga simu tena akiwa na nafasi ya Jumamosi.

Dolina alikuwa na unga mpaka viwiko, kwa hiyo nilimshikia simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maji yana baridi kiasi gani sasa, akauliza kama kipumulio kinaweza kuganda tena, akauliza kama inawezekana kufanya asubuhi sana kabla Lachlan hajaamka, kisha papo hapo akasema hapana, hilo haliwezekani, hawezi kumfanyia hivyo. Greer alisema sawa, hakuna haraka.

"Nitakupigia," Dolina akasema.

Nikaishusha simu. Akaendelea kukanda ule unga, na nilimwacha akande ingawa ulikuwa umeshakandika zamani.